Mimi Iliyonyakuliwa

Nina ugomvi na kitabu. Ulianza mwezi wa tatu, wakati wa ile mvua iliyofanya barabara ya kwetu iwashinde hata trekta za miwa, na kwa vile kitabu hakiwezi kunijibu, nimeona niulete hapa watu waamue.

Kitabu ni Remembering the Kanji cha James Heisig. Kama umewahi kujaribu kujifunza Kijapani peke yako, bila mwalimu, kwa simu na bando la usiku, unakijua. Heisig ni Mmarekani, msomi wa falsafa na dini aliyefanya kazi miaka mingi Nagoya, na kitabu chake kimekuwa kikichapwa tena na tena tangu miaka ya 1970. Ahadi yake ni kubwa. Herufi zaidi ya 2,000 za kanji, zile zinazowatoa watu jasho miaka nenda miaka rudi, unaweza kuzishika kwa miezi michache, mradi tu uache kukariri kwa kuandika kitu kimoja mara mia. Badala yake vunja herufi vipande. Kila kipande kipe jina. Halafu ipe herufi nzima neno moja tu la kushikia maana, utunge kisa kifupi kichwani kinachounganisha vipande na neno hilo. Matamshi achana nayo kwanza, yana juzuu yake.

Nitasema ukweli: inafanya kazi. Chukua 休, kupumzika. Kushoto mtu, kulia mti. Nilipoiona mara ya kwanza sikuhitaji kisa cha mtu yeyote, kwa sababu hapa Muhoroni saa sita mchana kila mkata miwa ni hiyo herufi, amejinyoosha chini ya mwembe na panga liko kando. Sitaisahau hadi nizeeke. Kwa hiyo siji hapa kumponda mzee wa watu. Herufi mia tano na kitu ninazozijua, nimezijua kwa mkono wake.

Na kabla hujauliza kwa nini Kijapani, jibu la haraka ni Probox. Magari ya njia yetu, yale yanayotoka Muhoroni kupitia Chemelil na Miwani hadi Mamboleo, yametoka Japani na karatasi zake. Vibandiko vya vioo bado vimeandikwa vile vile vya kule, hakuna aliyejisumbua kuvibandua. Na dere akiwasha injini kuna sauti ya dada mmoja inayoongea kwa heshima sana kutoka ndani ya dashibodi. Miaka yote nilimsikia huyo dada na hakuna abiria aliyewahi kumjibu. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imekataa kabisa, nikarudi nyumbani na muda mwingi kuliko ninavyowatakia maadui wangu. Nikaanza na yule dada. Ilinichukua wiki tatu kugundua anachosema: kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Kadi ya barabara za Japani. Amekuwa akiidai hiyo kadi Chemelil, kwa adabu, kila asubuhi.

Basi mambo yalikuwa yakienda vizuri hadi nikafika kwa 朕.

Ni mistari kumi. Kushoto kuna kipande kinachofanana na mwezi. Kulia kuna kile kile kilichomo ndani ya 咲, kuchanua kwa ua, na 送, kutuma au kusindikiza. Heisig anakiita kipande hiki ndama wa dhahabu, yule wa Haruni na Wana wa Israeli. Herufi nzima inatamkwa chin. Maana yake ni “mimi”, lakini mimi inayotoka kinywa kimoja tu, cha Kaisari wa Japani. Mtu mwingine akijiita hivyo, ama anaigiza, ama anatania, ama ana shida. Katika Kijapani cha kila siku chin ni mlio wa tanuri la mawimbi likimaliza kupasha chakula, na “kufanya chin” ni kupasha wali wa jana. Nchi hiyo ina ucheshi ambao haujitangazi.

Na neno la kushikia ambalo Heisig anaipa 朕 ni majestic plural. Yaani ule wingi wa kitukufu, malkia wa Uingereza akisema “sisi” na amekaa peke yake.

Hapo ndipo tulipokosana.

Kwanza, 朕 si wingi. Haina wingi wowote ndani yake, haikuwahi kuwa nao. Ni umoja mkavu, tena umoja uliokazwa hadi ukabaki mtu mmoja duniani. Mfalme wa Kiingereza akitaka kuonyesha ukubwa wake hujizidisha: sisi, kana kwamba kuna umati ndani ya joho. Kaisari wa Japani alifanya kinyume. Hakujizidisha, aliwapunguza wengine. Alichukua “mimi” akafunga mlango. Hizi ni njia mbili tofauti kabisa za kuwa mkubwa, na kitabu kinachokuja kukufundisha maana kimezifanya kitu kimoja kwa kuwa Kiingereza kilikuwa na msamiati tayari kwenye rafu.

Pili, na hili ndilo lililoniuma, ona safari niliyofanyishwa. Nimetoka Muhoroni nikielekea Kyoto, na bado imebidi nipitie London kugongewa muhuri. Ili nimwelewe Kaisari wa watu wengine, nimepewa kwanza kiti cha enzi cha wale waliotutawala sisi. Mwanafunzi wa Leeds hataona shida yoyote hapo. Kwake hicho kiti ni fanicha ya nyumbani.

Wanaomtetea Heisig, nao ni wengi na wana moto, watasema kwamba neno la kushikia ni ndoano tu, si tafsiri. Mwenyewe hakudai zaidi ya hapo. Sawa. Lakini sisi ni watu wa ziwani, tunajua ndoano ya mbuta haikuletei fulu. Ukivua kwa neno la mfalme wa Uingereza utapata picha ya mfalme wa Uingereza: farasi, tarumbeta, jumba lenye walinzi wa kofia za manyoya. Nilikaa na picha hiyo siku mbili. Kila nikiandika 朕, mkononi ilikuwa inatoka Japani, kichwani inatoka noti za pesa za zamani ambazo dani alikuwa akiweka kwenye mkebe wa majani chai.

Nikaamua kuifuata herufi yenyewe hadi kwao. Nilichokipata kilikuwa kitamu kuliko kisa chochote cha kitabuni.

Zamani sana, huko China ilikozaliwa, 朕 ilikuwa “mimi” ya kawaida, au “-angu”. Ilikuwa ya yeyote. Qu Yuan, mshairi wa nchi ya Chu aliyeishi karne ya nne na ya tatu kabla ya Kristo, ameitumia pale mwanzo kabisa wa utenzi wake wa Li Sao anapomtaja marehemu baba yake. Hakuwa mfalme. Alikuwa afisa aliyefukuzwa kazi, mtu mwenye machungu na kalamu, na 朕 ilimtosha. Kisha mwaka 221 KK mtawala wa Qin akamaliza kuzimeza falme zote za jirani, akajitungia cheo kipya cha kuzidi ufalme, na katika maagizo yake ya mwanzo mwanzo akaamuru kwamba tangu sasa 朕 ni yake peke yake. Siku moja kabla, watu walikuwa wanajiita hivyo. Siku iliyofuata, neno lina mwenyewe. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye, lilikuwa bado limefungiwa, kwanza China, halafu Japani ilikochukua herufi pamoja na kufuli yake.

Nikisoma hayo sikuwa nafikiria China tena. Nilikuwa nafikiria shamba.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya ardhi ya Taji iliyosema kwamba hata ardhi inayokaliwa na makabila ya hapa ni ya mfalme wa Uingereza, na ikarefusha mikataba ya masetla kutoka miaka 99 hadi 999. Mwaka 1921 mahakama ikaweka wazi maana yake: Mwafrika anayelima pale babu yake alipolima ni mpangaji tu, anakaa kwa hisani ya Taji. Hakuna mwembe uliosogezwa. Hakuna kaburi lililohamishwa siku hiyo. Kilichobadilika ni sentensi. “Shamba langu” ikawa maneno ambayo ukiyasema unakosea kisheria. Koru, Songhor, hapa Muhoroni, yote yalikuwa mashamba ya wazungu hadi uhuru, ndipo zikaja skimu za wakulima wa miwa na kiwanda nacho kikafuata. Kipande chetu kimetoka kwenye skimu. Ndiyo maana neno la kiswahili lililonijia kwa 朕 halikuwa la kitukufu hata kidogo. Lilikuwa neno la habari za saa moja: kunyakua.

Ngoja kwanza, kuna kitu cha mashua.

Kile kipande cha kushoto ambacho leo kinafanana na mwezi, zamani hakikuwa mwezi. Kilikuwa mashua. Wachina wa kale waliipanga 朕 pamoja na herufi za vyombo vya majini, na Dai Zhen, msomi wa karne ya 18, alieleza kwamba maana yake ya asili ni ule mshono wa mashua, mahali mbao mbili zinapokutana na kuacha mstari. Unielewe: ufa mwembamba ambao fundi wa pale Dunga huuziba kwa kalafati ili maji yasiingie. Namna gani ufa ukawa “mimi”, wataalamu wanabishana, na wengi hudhani ni sauti tu ziliazimana. Mimi si mtaalamu. Lakini nimesafiri kwa mashua za mbao kutoka ufukweni na najua jambo moja, kwamba abiria wote hukaa wakiangalia ule mstari.

Hili Heisig halimhusu. Kwake mashua na mwezi zimeshafanana kwenye maandishi ya leo, basi ni mwezi, tuendelee. Katika utangulizi wa kazi kama yake unaweza kuelewa: ukianza kufukua asili ya kila herufi hutamaliza hata mia. Ubaya ni kwamba kuna herufi ambazo asili yake ndiyo maana yake, na mbinu yake haina jicho la kuzitambua. Mti na chui kwenye mbinu hii wana uzito mmoja na kiti cha enzi. Vyote ni picha za kukumbukia. Neno lililowahi kufungiwa kwa amri linapita mbele yako likiwa limevaa kama maneno mengine, na wewe unaweka alama ya vema.

Kwetu lakini kuna watu waliowahi kukutana na 朕 ana kwa ana, ingawa hawakuiona ikiandikwa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kuwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, katikati ya masika ya kule, kwenye matope na malaria. Desemba walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Kulikuwa na vijana wa Nyanza humo. Watu waliwaita Keya, kutokana na herufi tatu za jina la jeshi lao, ambalo kwa kirefu lilimtaja Mfalme. Hebu fikiria hiyo vita vile inavyoonekana ukiitazama kwa viwakilishi tu. Upande huu, kijana wa Kano ambaye akisema “shamba langu” anakosea, anapigana kwa niaba ya mtu anayejiita “sisi”. Upande ule, kijana wa Kyushu anapigana kwa niaba ya mtu ambaye ndiye peke yake anayeruhusiwa kujiita 朕. Dani akitaka kusema mtu ameenda mahali pasiporudika, hadi leo husema ameenda Bama.

Tarehe 15 Agosti 1945 Wajapani walisikia sauti ya Kaisari wao redioni kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imerekodiwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Alikuwa anatangaza kwamba vita vimekwisha, na alijiita 朕, na lugha yote ilikuwa ya ikulu, ya kale, nzito hivi kwamba wengi waliokuwa wamesimama mbele ya redio hawakuelewa kama wameambiwa waache au wazidishe. Mtangazaji ikabidi ayarudie maandishi yote. Huo ndio mwisho wa maneno yaliyofungiwa. Ukiweka lugha juu kabisa pasipofikika, siku ukiwa na jambo la maana la kuwaambia watu, hawakusikii.

Halafu likafuata jambo ambalo lilinifanya niweke simu chini nitoke nje nikatembee hadi reli.

Katiba mpya ya Japani ilitangazwa tarehe 3 Novemba 1946. Ni katiba inayosema mamlaka ni ya wananchi na Kaisari ni alama tu ya taifa. Lakini maneno mafupi ya kuitangaza, yanayotangulia ibara zote, yametoka kwake yeye, na humo anajiita 朕. Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 16 Novemba, serikali ikatoa orodha ya kanji 1,850 za matumizi ya kila siku, kusudi watu wa kawaida waweze kusoma mambo ya nchi yao. Herufi zilizomo ndani ya katiba zikaingizwa, maana itakuwaje watu wapewe katiba wasiyoweza kuisoma? Kwa mlango huo 朕 ikaingia. Pamoja nayo 璽, muhuri wa Kaisari, dubwana la mistari kumi na tisa ambalo hakuna Mjapani anayelihitaji kununulia sabuni. Mwaka 1954 kulikuwa na pendekezo la kuondoa herufi 28, na zote mbili zilikuwa kwenye orodha ya kufukuzwa. Hazikufukuzwa. Orodha iliporekebishwa 1981 zikabaki. Iliporekebishwa tena 2010 na kufikia herufi 2,136, zikabaki.

Sasa ona: Kaisari wa leo haitumii. Akihito alipowahutubia watu kwa video Agosti 2016 kuhusu uzee wake alijiita kwa neno ambalo hata wewe na mimi tungelitumia mbele ya watu wa heshima. Mwenye neno ameliacha. Lakini kila mtoto wa Kijapani anatarajiwa kuwa amelijua kabla ya kumaliza shule, kwa sababu mara ya mwisho lilipotumika kwa uzito, lilitumika kusaini kwamba mamlaka yanahama. Wameliweka kama vile unavyoweka stakabadhi.

Heisig ameichukua orodha hiyo ya serikali ndiyo msingi wa kitabu chake. Yaani 朕 imo ndani ya kitabu kwa sababu ya katiba, na kitabu hakikuona sababu hata ya kulidokeza hilo. Hiki ndicho kiini cha lawama yangu. Sikatai visa vya kutunga. Nakataa kwamba kisa cha kweli kilikuwepo, kifupi, kinachokumbukika, kinachoeleza kwa nini unasumbuliwa na herufi hii, na badala yake tukaletewa malkia.

Mwaka huo huo wa 2010, tarehe 27 Agosti, sisi tulikuwa Uhuru Park kwenye televisheni, Kibaki ameinua katiba juu. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka dani akiuliza kama ile karatasi ni ya kushika mkononi au ya kutazama. Ibara ya kwanza inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na ya tisa inataja muhuri wa taifa kati ya alama zetu. Tunayo 璽 yetu, basi. 朕 yetu ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mwanzo nilidhani hatuna, kwa sababu “mimi” ya Kiswahili haijawahi kufungiwa na mtu, anaisema mfalme na anaisema kuli. Kisha nikamsikia kiongozi mmoja kwenye mazishi, si mbali na hapa, akisema “serikali yangu” mara nne ndani ya dakika tano. Serikali yangu itajenga. Serikali yangu haitakubali. Hakuna aliyeguna. Huyo hakunyakua “mimi”, alinyakua “-angu”. Na kumbuka 朕 nayo kwa Qu Yuan ilikuwa “-angu”.

Nilimsimulia dani habari za yule mtawala wa Qin tukiwa tunachambua mboga. Kwa Kijaluo “mimi” ni an, silabi moja, na nilimwambia afikirie mtu mmoja ameamka akasema kuanzia leo an ni yake. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

“Nyakwara,” akasema, “sasa hao wengine, mtu akibisha hodi usiku akiulizwa ni nani, anajibu nini?”

Sikuwa na jibu, na bado sina. Wachina walikuwa na maneno mengine ya “mimi”, hilo najua. Lakini swali lake si la msamiati.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu kazi yangu, maana bila hicho huenda ukadhani hasira hii yote ni ya herufi. Ninaandika. Makala kama hii hainilipi kitu cha kutosha, kwa hiyo mchana natumia akaunti ya mtu mwingine kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Wakenya wengi wa umri wangu wanaijua biashara hiyo na nusu yao wanaifanya. Niliacha chuo kwa kukosa karo, na tangu niache nimemaliza, kwa hesabu yangu, shahada kama nne za watu. Kazi zinazolipa vizuri kidogo ni zile za kujieleza, za kuombea nafasi ya masomo: nafsi ya kwanza, maneno 700, eleza tukio lililokubadilisha. Nimewahi kuwa muuguzi wa Ohio aliyefiwa na babu. Babu yule nilimpa kikohozi cha kwaro wangu, na jinsi alivyokuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya shati. Mteja akafurahi, akaongeza dola tano. Siku hizi nikimkumbuka kwaro, kuna mahali kumbukumbu inaenda Ohio kidogo kabla ya kurudi.

Sisemi nimenyakuliwa. Niliuza, bei nikaikubali, hiyo ni tofauti na tusichanganye mambo. Nasema tu kwamba mtu aliyeandika “mimi” mara nyingi hivyo bila kuwemo ndani yake, akikutana na herufi ambayo historia yake yote ni nani ana haki ya kusema “mimi”, hawezi kuweka alama ya vema akaendelea.

Na kuna jambo moja la haki ambalo lazima nimpe Heisig. Kitabu chake kimegawanywa kwa namna ya ajabu kidogo. Mwanzoni anakupa visa kamili. Mbele kidogo anakupa vidokezo tu vya kisa. Sehemu ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote, ananyamaza: anakupa vipande na neno la kushikia, kisa utunge mwenyewe. Wengi hulalamika hapo kwamba mzee amechoka. Mimi naona ndipo kitabu kinapokuwa na adabu. Ila ukarimu huo umeishia nusu njia. Ameniachia kisa, neno la kushikia amebaki nalo yeye, na neno ndilo linaloamua kisa kiende wapi. Angeniachia vyote viwili tungekuwa marafiki.

Kwa hiyo nimefanya ambacho kitabu hakikuniruhusu. Kwenye daftari langu nimekata lile neno la Kiingereza kwa mstari mmoja, sikulifuta, lisomeke. Chini yake nimeandika: mimi iliyonyakuliwa. Na kisa changu ni hiki. Kushoto ni mashua, haijalishi leo inafanana na nini. Watu wote wamo ndani, na mstari wa mshono unaonekana. Kulia ndama wa dhahabu amepanda bila kulipa nauli, amekaa mahali pa nahodha, na mtu kutoka ufukweni akiuliza kwa sauti nani yumo humo, ndama peke yake ndiye anayejibu.

Tangu niibadilishe sijawahi kuisahau. Nimeanza kupitia zile mia tano za nyuma nikiangalia maneno gani mengine yalipitia London. Ni mengi kuliko nilivyodhani, na mengine hayana ubaya wowote, mengine yanachekesha. Mtihani ninaoulenga mwezi wa kumi na mbili ni wa ngazi ya chini kabisa na 朕 haimo hata kwa bahati mbaya. Mama ameniuliza mara mbili sasa kama hiyo herufi itanipa kazi. Nimemwambia bado.

Jana jioni nilikuwa naiandika kwa mara ya ishirini hivi, mistari minne ya mashua, sita ya ndama, simu ikaingia ujumbe. Mtu wa North Carolina, anaomba nafasi ya kusomea sheria. Maneno 650, nafsi ya kwanza, kuhusu wakati aliposimama kutetea haki. Kesho saa nne. Nikamuuliza wakati huo ulikuwa upi. Akajibu chochote nitakachoona kinafaa.

Nikaichukua. Kodi ni tarehe tano.